Kibao cha Zamu

Kwenye kazi ya mashine hakuna kitu kilichobaki cha kunishangaza. Nawaambia nyie vijana mnaochukua mashine kwa mkopo na kuzipaka rangi za kung'aa kabla hamjajua nyundo zake zinageuzwaje. Mie nimesaga miaka ishirini na saba pale Mbagala. Nimemwona nyoka akitoka ndani ya gunia la mahindi, nikampisha apite, kisha nikaendelea kupima kilo zilizobaki. Nimeokota pete ya ndoa kwenye pumba, na mwanamke aliyeifuata akaitazama akasema siyo, yake ilikuwa nzito zaidi. Shule nimeishia darasa la nne, lakini watu wenye digrii wamekaa kwenye benchi langu wakisubiri unga, na hajatokea hata mmoja aliyenizidi hesabu za kilo.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna ofisi ya serikali inayoweza kukuruhusu kufanya jambo ambalo sheria ya serikali hiyohiyo inalikataza, nilisema sawa, nimeshasikia makubwa kuliko hayo. Jambo lenyewe halikunishangaza. Kilichonishangaza ni gharama yake, na hiyo nitaitaja mwishoni, mpaka shilingi ya mwisho.

Kazi nimefundishwa na Mzee Nasoro. Wazee wake walikuwa Waarabu wa Temeke, watu wa duka na mashine tangu zamani, na yeye alikuwa hasemi sana. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya mota akaniambia nifumbe macho. "Sikiliza, Athumani," akasema. "Hiyo ndiyo sauti ya kushiba. Siku ukisikia imeshuka, imekuwa nzito kama mtu mwenye mafua, umeme umepungua. Usiulize kitu. Zima." Halafu akanifundisha kushika unga unapotoka. Ukiwa vuguvugu, sawa. Ukikuchoma kiganja, ama chekeche imeziba ama nyundo zimeisha, na unga huo ukilala siku mbili kwenye mfuko utanuka.

Nilimharibia vitu vingi yule mzee. Mara moja nilimsagia mama mmoja dona kilo thelathini bila kukung'uta mashine, na kabla yake nilikuwa nimesaga ulezi. Dona likatoka la kahawia. Mzee Nasoro hakunifokea. Alimlipa yule mama mahindi mengine, akanikabidhi ule mfuko, na mie nikala ugali wa kahawia mwezi mzima. Tangu siku hiyo sijasahau kukung'uta mashine.

Ila alikuwa na tabia moja tuliyokuwa tukimcheka. Alikuwa anaomba ruhusa kwa kila kitu. Akitaka kusogeza mlango, anakwenda kwa mjumbe. Akitaka kuweka mota kubwa, anakwenda serikali ya mtaa, kisha kwa watu wa umeme, na karatasi anazitia kwenye kopo la maziwa. Mie nikasema nikipata yangu sitaishi hivyo, na nilipoipata sikuishi hivyo. Kiwanja niliongea na mwenye kiwanja, mota niliifunga mwenyewe, na mambo yakaenda.

Sasa niwaeleze habari ya transfoma, maana ndiyo iliyoleta yote.

Mtaani kwetu mashine zilikuwa tatu. Yangu, ya Massawe, Mchaga mmoja mchapakazi asiyependa kushindwa, na ya Bi Mwajuma, mjane aliyerithi mashine kwa mumewe na akaiendesha vizuri kuliko mumewe. Zote tatu zilikuwa zinakula kwenye transfoma moja, pamoja na nyumba za watu. Mashine moja ikisaga, transfoma imetulia. Mbili, inanguruma. Tatu, inaungua, na iliungua. Mara ya kwanza watu walivumilia. Mara ya pili, siku ya tatu bila umeme, akina mama wanaouza samaki wa kwenye friji walikuja mlangoni kwangu na ndoo zao. Waliinamisha zile ndoo, samaki waliooza wakatandazika kizingitini, wakaondoka. Harufu ile ilikaa na sie kuliko giza lenyewe.

Hapo nikawaita wenzangu uani kwangu, nikanunua soda. Wazo la zamu lilikuwa langu, na hata Massawe ambaye hakubali kitu atakubali hilo. Siku tukaigawa mafungu matatu, asubuhi, mchana na jioni. Fungu moja, mashine moja. Aliyesaga asubuhi leo, kesho atasaga mchana. Na ili mteja asihangaike kuzunguka, nikatengeneza kibao cha mninga, nikakiandika kwa mkono wangu na rangi nyekundu ya mafuta: ZAMU YA KUSAGA NI HAPA. Zamu ikiisha, kibao kinapakiwa kwenye toroli kinakwenda kwa mwenzako. Transfoma haikuungua tena. Nilichaguliwa mwenyekiti bila kupigiwa kura.

Tatizo lilianzia kwa Massawe. Kusaga kilo ilikuwa shilingi mia kwetu sote, kwa mazoea tu. Yeye akipata zamu ya jioni anashusha mpaka themanini. Watu wakajua. Mie asubuhi nina kibao mlangoni na benchi halina mtu, wateja wote wanasubiri jioni. Nikaita kikao kingine, soda tena, tukakubaliana bei moja, tukapeana mikono. Na kwa kuwa brashi ilikuwa yangu, nikaongeza chini ya kibao: KILO SH. 100. Mtu asije akasema hakusikia.

Hakuna aliyejua kwamba tumefanya kosa. Tulijiona watu wa amani.

Mtu wa kwanza kukisoma kile kibao kwa makini alikuwa Mwalimu Anjelina. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa bara, anachanganya unga wa lishe wa watoto na kuupeleka kwenye zahanati. Soya, karanga, ulezi, mahindi. Alikuja na kilo mia mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Shani. Mzigo ni mkubwa leo, nifanyie themanini."

"Bei iko kwenye kibao, Mwalimu."

"Kibao umekiandika wewe."

"Tumekubaliana watatu."

"Ndio ubaya wenyewe huo. Nikienda kwa Massawe nakikuta. Nikienda kwa Mwajuma nakikuta. Sasa mimi nasagiwa na watu watatu au nasagiwa na kibao?"

Massawe alikuwa amekuja kufuata toroli, akacheka. "Mwenyekiti, umesahihishwa."

Nikamwambia Mwalimu kama hapataki kwetu aende Kipawa akasagie kule karibu na uwanja wa ndege. Maneno ya kijinga, na nilijua ni ya kijinga wakati natamka. Alilipa mia kwa kila kilo, akaondoka, akaenda kuandika barua.

Baada ya wiki kadhaa nikaitwa na ofisi ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara. Nikavaa suti niliyomwozeshea binti yangu. Nilitegemea kukutana na baba mmoja mwenye kitambi, kumbe ni dada wa miaka thelathini na kitu, Bi Zuhura, mpole, kwenye meza yake ipo picha ya kile kibao.

"Shikamoo baba. Hiki ni chenu?"

"Marahaba. Nimekichonga mwenyewe."

"Kimechongwa vizuri," akasema. "Lakini wafanyabiashara wanaoshindana hawaruhusiwi kupanga bei pamoja. Na kugawana muda ili msigombanie wateja, hata huko ni kugawana soko."

Nikamweleza habari ya transfoma. Nikamweleza samaki. Aliandika yote, hata samaki. Nilipomaliza akaweka kalamu chini.

"Ndiyo maana nimekuita kwanza. Sheria inatoa nafasi. Makubaliano yanayobana ushindani yanaweza kusamehewa yakaendelea, kama faida yake kwa wananchi ni kubwa kuliko madhara yake. Lakini lazima mwombe, kwa maandishi, na mthibitishe."

"Yaani mnaruhusu kile mnachokataza."

"Kwa masharti, baba. Na kwa muda."

"Basi nipe fomu ya vyote viwili, zamu na bei."

Akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka najikuna kichwa. "Mkisaga kwa zamu, transfoma inapona. Mkitoza bei moja, transfoma inaponaje?"

Nje palikuwa na watu wanasubiri, nasikia viti vyao.

"Niambie tu, baba."

"Bei haihusiani na transfoma."

"Basi omba zamu. Bei kila mmoja apange yake."

Vijana, shikeni hapo, maana kuna watu wenye kampuni kubwa hawajui. Serikali ikikusamehe sheria hii, inakusamehe kile tu ambacho bila hicho ile faida ya watu haipatikani. Kilichozidi hapo ni chako mwenyewe, na kina adhabu yake.

Ombi linaandikwaje na mtu wa darasa la nne? Massawe alisema tumtafute mwanasheria, bei aliyotajiwa ikamrudisha nyumbani mapema. Bi Mwajuma akasema mtaa huu mtu mwenye barua nzuri ni mmoja, na barua yake tumeshaiona ilivyofanya kazi.

Nikaenda kwa Mwalimu Anjelina. Alikuwa anaanika ulezi kwenye turubai.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja unisaidie kuandika."

"Unataka nikutetee kwa watu niliowaita mimi?"

"Wewe ndiye unayejua wanapenda kusoma nini."

Akacheka mpaka akakaa chini. Akakubali kuandika bure kwa sharti moja, ile bei ifutwe kwenye kibao. Nikamwahidi. Akanituma huku na huku kama mwanafunzi wake: niende kwa watu wa umeme wakaandike kwamba transfoma ile haiwezi mashine tatu kwa pamoja, nilete daftari la zamu, nilete majina ya majirani. Tangazo likatolewa mwenye pingamizi ajitokeze. Maofisa walipokuja mtaani kuuliza, wale wale akina mama wa samaki walisimama upande wetu. Mmoja akasema, "Sie tunachotaka friji ziwake. Hawa wakisaga pamoja tunaoza wote."

Kibali kikatoka. Miaka miwili, kusaga kwa zamu, daftari liwe wazi, mwenye mashine mpya apewe zamu naye, na bei kila mtu yake. Nilikitia kwenye fremu ya kioo. Nilikuwa naaga wateja kwa kuwaonyesha muhuri. Nani mwingine Mbagala amesamehewa sheria kwa maandishi? Mtu akija kununua pumba tu, namsomesha kibali.

Na kibao je? Kibao kilibaki vilevile.

Nitasema ukweli wangu. Sikusahau. Rangi ya mafuta haifutiki kwa kitambaa, inataka msasa, na msasa utakwaruza mbao niliyoichonga mwenyewe. Halafu nikajitengenezea hoja yangu. Nikasema kibali kimeruhusu zamu, kibao ni cha zamu, basi kibao kimeruhusiwa pamoja na vilivyomo ndani yake. Mwalimu akapita, akasoma, akasema, "Baba Shani, hujafuta." Nikamwambia Jumamosi. Jumamosi akanikumbusha, nikamwambia Jumamosi ijayo. Aliniambia mara nne, kwa hesabu yake. Kwa hesabu yangu mara tatu.

Halafu bei ya umeme wa kusagia ikapanda. Wenzangu wakanitazama mwenyekiti, tufanyeje. Hapo mtu mwenye akili angesema kila mmoja ajue lake. Mie nikachukua brashi. Nikaigeuza ile 100 ikawa 130, sifuri ya katikati nikaifanya tatu, kazi safi, usingejua kama palikuwa na sifuri. Kibao kikazunguka kwa toroli mtaa mzima na bei mpya.

Bi Zuhura alikuja kukagua mwezi huohuo. Alinisalimia vizuri, akaomba daftari la zamu, akalisifu. Akasimama mbele ya kibao muda mrefu. Akapiga picha. Kisha akatoa ile picha ya zamani kwenye faili, akaziweka pamoja ubavu kwa ubavu.

"Baba, nani alibadilisha?"

Ningeweza kusema Massawe. Lakini ule mwandiko mtaa mzima unaujua. "Ni mie," nikasema.

"Basi umenimaliza."

Barua ikaja. Kibali kimefutwa kwa kuvunjwa masharti. Nikaenda ofisini bila suti, nikamuuliza kama tunaweza kuendelea na zamu kimyakimya wakati tunaomba upya. Akanijibu kwa upole uleule, "Mara ya kwanza mlikuwa hamjui. Mkiendelea sasa mnajua." Nikaelewa. Zamu bila kibali ni kosa, na bila zamu transfoma haiponi. Nilirudi Mbagala nikakiingiza kibao ndani, nikakigeuza uso ukutani.

Siku mbili tulioneana aibu, mmoja akiwasha mwingine anangoja. Siku ya tatu Massawe alikuwa na mzigo wa shule, akawasha asubuhi na hakuzima. Mchana Bi Mwajuma akawasha. Wateja wangu wakaanza kubeba mifuko yao kutoka kwenye benchi langu kwenda kwao. Mie ndiye mwanzilishi wa zamu, mie ndiye mwenyekiti, halafu niwe wa kutazama? Nikawasha. Saa kumi na moja jioni mashine tatu zote zilikuwa zinasaga.

Mota yangu ikashuka sauti. Ikawa nzito, ile ya mtu mwenye mafua. Nawaapia niliisikia. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi, na Mzee Nasoro alikuwa kichwani mwangu akiniambia nizime. Nikasikiliza ng'ambo ya barabara, mashine ya Massawe bado inasaga. Nikasema ataanza yeye kuzima. Na yeye, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa na mkono kwenye swichi yake ananisikiliza mie. Transfoma ikalia mlio mmoja, mtaa ukazima, na ndani ya mota yangu ukatoka moshi mweupe.

Ilichukua siku kumi na moja umeme kurudi. Siku ya tatu nikasikia ndoo mlangoni. Sikutoka nje kutazama.

Siku ya nne nikaenda kwa Mwalimu Anjelina. Alikuwa na mchanganyiko wa zahanati umekwisha kukaangwa, unangoja kusagwa, na mashine za mtaa wa pili zilimkatalia, soya ina mafuta inaziba chekeche. Mvua zilikuwa za masika. Soya na karanga zilikuwa zimechacha. Alininyooshea kiganja ninuse. Nikamwambia mzigo wote nitaulipa. Kisha nikamwomba barua ya pili.

"Ya kwanza niliandika bure," akasema. "Hii ni elfu hamsini."

"Mwalimu, nifanyie thelathini."

"Bei iko kwenye kibao, Baba Shani."

Aliandika barua nzuri kuliko ile ya mwanzo. Hakunificha humo ndani, aliandika kwamba mwenyekiti alivunja masharti kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba mtaa haukumtuma. Na kabla hajaitia sahihi alikwenda kwanza kukitazama kibao. Ilibidi nikipige msasa akiwa amesimama pale. Mninga ulikwaruzika kama nilivyojua, pana alama mpaka leo.

Kibali cha pili kilitoka, cha mwaka mmoja tu. Massawe sasa anasaga kwa tisini, Bi Mwajuma kwa mia na kumi na wateja wake hawamkimbii, mashine yangu ni mia na ishirini kwa sababu dona langu ni laini kuliko lao, na anayebisha alete mahindi. Mwalimu analeta mzigo wake mkubwa na anapatana na kila mmoja mpaka tunachoka. Mie nimeshaiacha mashine kwa Shani, binti yangu. Yeye ana kopo la maziwa la karatasi zake, na kibali hakukirudisha kwenye fremu, amekitia humo, anakisoma kila mwanzo wa mwezi.

Gharama niliwaahidi. Kusuka upya waya za mota, laki saba na elfu themanini. Stata mpya ya kuwashia mota, laki moja na elfu arobaini na tano. Soya, karanga na nafaka za Mwalimu, laki mbili na elfu kumi na mbili. Barua, elfu hamsini. Na nusu karatasi ya msasa, mia tano, ambayo ningeinunua Jumamosi ya kwanza nisingelipa hizo nyingine. Jumla ni shilingi milioni moja, laki moja, elfu themanini na saba na mia tano.